Dume Langu Lilikufa Hatua ya Sita

Bhoke mwanangu,

Mwili wangu ni mzima, mama yako mzima, ng'ombe wote wamerudi na hakuna anayechechemea. Kichwa tu ndicho hakijatulia tangu Jumatano ya wiki iliyopita, na wewe unajua kwa nini. Kesho unapanda basi kwenda Dodoma kusomea kompyuta, na mimi na wewe leo ni siku ya saba hatuzungumzi. Kwa mdomo nitaharibu. Nitakohoa, nitaanza kusifu ng'ombe, tutafika stendi sijasema kitu. Basi naandika. Jua limeshazama, nimekaa nje ya zizi na taa, karatasi nimeiweka juu ya ndoo niliyoipindua. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la nne, ingawa katika darasa la nne lile hapakuwa na mtu wa kunigusa kwa hesabu, na aliyebaki hai katika wale akuambie vinginevyo.

Mambo ya blanketi, ya dawa ya mbu, ya kutokula ovyo njiani, mama yako ameyasema tangu juzi mpaka kuku wameyashika. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kusema habari ya ule ubao.

Umekua chini ya ubao ule. Ulipoanza kusimama ulishika ukuta pale pale chini yake. Kila mgeni aliyeingia nyumba hii nilimwonyesha: mchezo wa chesi niliouchoma kwa msumari wa moto juu ya mbao ya mninga, miraba sitini na minne, kila kete mahali pake. Nikamwambia mgeni, "Tazama vizuri. Hii ndiyo siku Msukuma mmoja alitaka kunidanganya kwamba amenishinda." Mgeni asiyejua chesi alitikisa kichwa. Anayejua chesi ya kunibishia alikuwa mmoja tu, na huyo hakuwa anaingia kwangu tena.

Sasa Jumatano. Ulikuwa na ile kompyuta ya kuazima kwa mwalimu wako, na simu yako, na daftari. Ukaniambia unalinganisha programu tatu za chesi, uone ipi inawahi kuipata chekimeti ya lazima, yaani ile ambayo mtu hata acheze nini, mfalme wake, ambaye kwetu ni dume, anakufa tu. Unaipa kila moja mchezo ule ule, unahesabu sekunde, unaandika. Mimi nikacheka. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikakuambia, "Hizo unazozipa ni za watoto. Wape ule wa ukutani. Wafanye kazi mpaka mwezi ujao, na watakuambia hakuna chekimeti pale."

Ukasema, "Baba, una uhakika?"

Nikasema, "Miaka kumi na tisa nina uhakika."

Ukaupanga. Ukabonyeza. Mwanangu, kikombe kilikuwa bado hakijagusa meza. Ukaniangalia kwanza usoni, halafu ukaangalia kioo cha kompyuta, halafu ukasema polepole, kama nesi, "Imepata. Hatua sita. Dume lako linakufa."

Mimi nimeona mambo. Nimeona duara, shimo letu la dhahabu, likifunga mdomo na watu ndani. Nimeona chui akitoka kwenye choo cha jirani asubuhi. Lakini sijawahi kushtuka vile. Masikio yalipiga kengele. Nikasema kompyuta imeharibika. Ukabonyeza ya pili, ile unayosema inawafunga mabingwa wa dunia. Hiyo ikasema kwanza hatua tisa. Nikapumua, nikasema unaona, hawakubaliani. Sijamaliza kusema ikabadilisha, nane. Kisha sita. Muda wa mtu kufunga kamba za viatu vyote viwili. Nikasema, "Wameambiana. Wako ndani ya kompyuta moja, wameambiana."

Ukasema, "Baba, haziambiani. Na mtandao nimezima."

Nikakuamuru upeleke simu nyuma ya zizi, mbali, na kompyuta ibaki ndani, mlango ufungwe. Ukaenda bila ubishi. Mama yako akasimama mlangoni na mwiko akiuliza, "Kuna nini? Mnatafuta mwizi?" Ile programu ya zamani ndani ya simu ilikuwa dhaifu, ilichelewa sana. Nilimfungulia ndama, akanyonya, akashiba, nikamrudisha. Moyo ulianza kurudi mahali pake. Ndipo ukapaza sauti toka kule nyuma: "Sita."

Unakumbuka nilichosema baada ya hapo. Mimi nakumbuka neno kwa neno. Nilisema, "Hicho ndicho unakwenda kusomea? Kumwaibisha baba yako mbele ya mama yako?" Nikasema stendi sitakupeleka, utabebewa begi na kompyuta zako. Ulifunga daftari, ukaenda kumsaidia mama yako kupika. Tangu hapo shikamoo yako ilikuwa fupi, na marahaba yangu ilikuwa fupi zaidi.

Sasa nakueleza kitu ambacho hujawahi kusikia kwangu, kwa sababu nilikudanganya.

Nilikuambia chesi nilijifunza mwenyewe kwa kuwachungulia wazungu wa utafiti wakicheza kambini. Uongo. Nilifundishwa na Masanja. Huyo huyo Msukuma wa ubaoni. Alikuja toka kwao Geita kutafuta dhahabu na sululu ya kuazima, tukawa tunachimba duara moja na kulala kibanda kimoja. Masika yale maji yalijaa shimoni, kazi ikasimama, akachora miraba juu ya boksi la sabuni, akapanga vizibo vya soda, akanifundisha. Miezi mitatu alinifunga kila siku na hakunicheka hata mara moja. Mimi ndiye niliyechonga kete za mti baadaye, hizo kweli ni zangu, na mpaka leo sijaona kete nzuri kuzishinda. Nilikataa kuchonga mfalme kwa sababu sisi Wakurya mfalme hatumjui. Nikachonga dume la ng'ombe lenye nundu. Na malkia nikamchonga ng'ombe wa maziwa, mwenye kiwele, mkubwa kuliko wote baada ya dume. Masanja akasema, "Sawa mtani, tucheze ng'ombe."

Hapo ndipo kosa langu lilipoingia, na sikuliona mpaka juzi. Mtu ukishachonga ng'ombe, unacheza kama mchungaji. Mimi sikuwahi kutoa ng'ombe wangu wa maziwa aliwe, hata siku moja. Ningetoa wapi? Ng'ombe haondoki zizini kwangu bila sababu. Nilikuwa nachunga, nakinga, nasubiri mwenzangu apoteze wake. Na kwa njia hiyo niliwafunga wengi, hilo liandike. Karani wa duka, polisi mmoja, mwalimu wa kutoka Sirari aliyejigamba kwa Kiingereza, wote niliwaswaga kama mbuzi.

Siku ya ubao wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, meno mawili. Tulikuwa nyuma ya mgahawa pale Nyamongo, wachimbaji wametuzunguka, wana vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa na kete nyingi kuliko Masanja. Nilikuwa nimeshaanza kujisifu. Akachukua ng'ombe wake wa maziwa, akamsogeza mpaka puani kwa dume langu, pale pale ambapo dume linaweza kumla. Akasema, "Kula, mura."

Nikasema, "Umekosea. Rudisha, nakuhurumia."

Akasema, "Sijakosea. Kula. Ukimla, hatua sita dume lako limekufa. Usipomla, limekufa mapema zaidi."

Watu wakacheka. Walinicheka mimi. Damu ikapanda. Nikasema mtu hawezi kunipa ng'ombe bure halafu aseme amenishinda, huyo ananidhihaki. Akasema tena, kwa upole, "Basi cheza tuone." Sikucheza. Nilisimama. Nikasema mbele ya wale watu wote, "Wewe umekuja kwetu na sululu ya kuazima, unakula kwetu, unalala kwetu, leo unataka kutufundisha ng'ombe? Wakuja ni wakuja tu."

Masanja aliitazama bodi, akanitazama, akavaa kofia. Wiki haikuisha akahama kibanda. Baadaye nikasikia amevuka mto Mara, ameoa, analima kule Busawe. Na mimi, badala ya kumfuata, nikatafuta mbao nikachoma ule mchezo jinsi ulivyoachwa, nitundike ushahidi. Bhoke, miaka kumi na tisa nimetundika ukutani kwangu ushahidi wa kunihukumu mimi mwenyewe, na nikawaita wageni waje wausome.

Baada ya Jumatano hukujua nilichokuwa nafanya. Ile karatasi uliyoiandika hatua zote sita, ukaiacha chini ya kikombe changu, niliichukua. Kila asubuhi nikienda kukamua nilikuwa nayo mfukoni. Nilipanga kete juu ya jiwe la chumvi. Nikakimbiza dume kushoto, likafa hatua ya sita. Nikalikimbiza kulia, likafa ya tano. Nikakataa kumla yule ng'ombe, likafa ya nne. Siku nne nilijaribu njia zangu zote. Siku ya tano nikakaa tu juu ya jiwe, maziwa yakamwagika, mama yako akadhani nina malaria.

Kilichonishtua sana si mbio za mashine. Gari linamshinda mtu mbio na hakuna anayelia. Kilichonishtua ni kwamba njia ilikuwepo. Ilikuwa pale mezani muda wote ule, mbele ya macho yangu, na mtu alinionyesha kwa kidole, na mimi nikamtukana.

Halafu kuna lile ulilomweleza mama yako jikoni, mkadhani silisikii. Ulisema ile programu ya mabingwa ilichelewa kwa sababu ili iwahi mambo mengi, huwa inaziruka kwanza njia zinazoonekana za hasara. Ikiona ng'ombe mkubwa anatolewa bure, inasema hapo hakuna kitu, inapita, mpaka baadaye ndipo inarudi kuangalia. Ile ya kwanza haina akili sana ya mchezo mzima, lakini inafuata kila njia, hata inayouma. Nilisimama nyuma ya ukuta nikasikia nywele zinasimama. Huyo ni mimi. Na sitaficha, kidogo nilifurahi pia, kwamba kosa langu ni kosa la mashine ya mabingwa. Tofauti ni kwamba yenyewe ilirudi kuangalia baada ya kufunga kamba za viatu.

Basi leo asubuhi mliponiona natoka na gunia mkadhani naenda mnadani, nilikuwa nimebeba ubao, na kete kwenye mfuko wa rambo. Nilichukua bodaboda mpaka Busawe. Yule dereva aliniuliza, "Mzee, umebeba picha ya Yesu?" Nikamwambia aangalie barabara.

Masanja nilimkuta anamenya mihogo mlangoni na mke wake. Kichwa cheupe chote. Ana miwani ambayo mkono mmoja umekatika, amefunga kwa uzi. Mimi bado nina meno yangu yote isipokuwa matatu. Aliniona toka mbali, hakusimama. Nilipofika akasema, "Marwa. Nani amekufa?"

Nikasema, "Dume langu. Hatua ya sita."

Hakuelewa. Nikatoa ubao kwenye gunia, nikauweka juu ya maganda ya mihogo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaangalia muda mrefu. Nikamweleza habari zako, za programu tatu, za simu nyuma ya zizi. Nikamwambia zote tatu zimesema yeye alisema kweli, na mimi nilikuwa bure.

Mwanangu, yule mtu akaanza kucheka mpaka kisu kikaanguka. Akasema, "Sita? Mtani, mimi niliona tatu tu. Baada ya hapo nilikuwa naona giza. Sita niliitaja kwa sababu ulikuwa unajisifu mno, nikataka unyamaze."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Huo ndio mshtuko wa pili, na sijui upi ulikuwa mkubwa. Mtu aliona tatu, akathubutu kumtoa ng'ombe wake wa maziwa kwa hizo tatu. Mimi sikuona hata moja, nikawa na uhakika miaka kumi na tisa.

Alipomaliza kucheka akaokota kisu. Akasema bila kunitazama, "Mchezo huu niliusahau mwaka ule ule. Lile la sululu ya kuazima ndilo sikulisahau. Wanangu wamezaliwa hapa, wanasema Kikurya kuliko wewe, lakini mimi nikipita Nyamongo hupita upande wa pili wa barabara."

Nilikuwa nimejiandaa njiani kusema maneno mengi. Yote yalikimbia. Nikasema tu, "Lile neno nilisema nikijua si kweli. Ulikuwa mtu wa kwetu kuliko mimi. Nimekuja kulichukua nirudi nalo."

Alimenya muhogo mzima, mpaka ncha, kabla ya kujibu. Kisha akamwambia mke wake, "Mama, huyu atakula hapa."

Tulipomaliza kula tukapanga kete zangu. Nikamwambia amalize alichoanzisha, safari hii nitakula. Nikamla ng'ombe wake. Nilitaka kufungwa vizuri, kwa njia halali, bila kuinuka. Karatasi yako ilikuwa mfukoni mwangu na sikuitoa, na wewe unajua ilivyoniwasha. Hatua tatu za kwanza alizicheza haraka. Ya nne ikamshika. Alikuna kichwa, akatembea mpaka kwenye mihogo akarudi, akanywa maji, akasema labda mashine zako ni waongo. Nikamwambia, "Hatua zipo. Angalia ile inayoonekana ya hasara." Hilo tu nilisema. Mbuzi walikuwa wanaingia ndani alipoipata. Alipoisukuma ya sita akaniangalia kama mtu anayeomba ruhusa. Nikalilaza dume langu kwa mkono wangu mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza nimelilaza tangu nilichonge.

Ubao nimemwachia. Ukutani kwetu kumebaki msumari, utauona kesho ukiamka. Usimwambie mama yako atundike kalenda haraka.

Sikupi somo, Bhoke. Wewe umesoma kuliko mimi, na mimi bado ni yule yule, kesho nitabishana na kondakta. Ila huko uendako patakuwa na watu watakaokuambia umeshindwa, na wengine watakuwa waongo. Mimi ningesema neno moja tu siku ile, ningebaki na rafiki. Ningesema, "Nionyeshe." Liseme hata kwa mtu usiyempenda. Kaa kwenye kiti, mwambie akuonyeshe.

Na usidhani nakufananisha na yule ng'ombe anayetolewa. Nilifikiria nikiwa juu ya bodaboda, nikaona ni upuuzi. Wewe si kete. Kama ungekuwa kete ningekushikilia mpaka nishindwe, jinsi ninavyojijua.

Kesho begi nabeba mimi. Lile zito.

Sasa nenda kwenye daftari lako, pale kwenye majina ya programu na sekunde zake. Zako tatu ziache kama zilivyo. Chini yake ongeza mistari miwili, kwa kalamu, si kwa penseli. Wa kwanza: Masanja wa Busawe, kwa kichwa chake tu na miwani ya uzi, kutoka mihogo ya mchana mpaka mbuzi kuingia. Wa pili: Marwa wa Nyamongo, miaka kumi na tisa na siku saba.

Mwalimu wako huko akikuuliza huyu wa mwisho ni programu gani, mwambie ni ya zamani, lakini imepata.

Mimi baba yako,
Marwa